Udongo umegeuka jiwe na kisima kina chumvi: nianzie wapi?

"Mtaalamu, nina ekari moja ninayoimwagilia kwa maji ya kisima kirefu, huu ni mwaka wa nne. Miaka miwili ya mwanzo nilivuna nyanya na pilipili hoho bila shida. Sasa matuta yana unga mweupe juu. Udongo ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, ukilowa unateleza, na maji yanatuama hadi kesho yake. Majani ya nyanya yanaungua kingo na maharage hayaoti kabisa. Nilipima maji nikapata EC 1.6 dS/m, pH 8.3, sodiamu 11, kalisi 2, magneziamu 1.5 na bikaboneti 6.5, hizo nne za mwisho kwa meq/L, yaani kipimo cha chaji za madini kwa lita. Jirani mmoja anasema nimwage chokaa, mwingine anasema samadi nyingi ndiyo dawa, na muuza pembejeo ana dawa ya kuyeyusha chumvi. Mimi nilikuwa nafikiria kungoja mvua kubwa, nizuie maji yajae shamba zima ili chumvi ioshwe. Je, shamba hili litapona au nihame? Na maji haya bado yanafaa?"

Pole, na hongera. Pole kwa misimu miwili ya kuhangaika na shamba ambalo jana lilikuwa linakulisha. Hongera kwa sababu umepima maji kabla ya kununua dawa, jambo ambalo wengi hulikumbuka fedha zikishakwisha. Tarakimu ulizoniandikia zimenipa zaidi ya nusu ya jibu.

Usihame bado. Lakini nakuomba sana usilijaze shamba maji ya mvua, wala usimwage chokaa, mpaka umalize kusoma hapa. Unachokiita chumvi ni matatizo mawili yanayoishi nyumba moja. La kwanza ni chumvi yenyewe, yaani jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka ndani ya maji ya udongo. La pili ni sodiamu iliyojishika kwenye udongo wa mfinyanzi, ile hali ambayo wakulima wengi huiita udongo wa magadi. Ukiyatazama kwa juu yanafanana, lakini tiba zake ni mbili, na ukitibu la kwanza kabla ya la pili unaweza kuliua shamba kabisa.

Tuanze na chumvi. Mzizi hunywa kwa sababu utomvu wake ni mzito kuliko maji yaliyo nje, na maji siku zote huvutwa kuelekea kwenye uzito. Maji ya udongo yakijaa chumvi, mvuto huo hupungua. Mmea unakaa na kiu miguu ikiwa majini. Ndiyo maana unaona nyanya zimenyauka saa nane mchana ilhali ukishika udongo unalowesha vidole. Kila zao lina kikomo chake, kinachopimwa kwa EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Hapa ni EC ya udongo uliolowekwa ukakamuliwa maji yake maabara. Maharage huanza kupungukiwa mavuno ikipita 1.0 dS/m, vitunguu 1.2, pilipili hoho 1.5, nyanya 2.5, na shayiri huvumilia hadi 8. Kwa hiyo maharage yako yalipogoma, yalikuwa yanakupa taarifa mapema kuliko kifaa chochote. Pilipili ingefuata, na nyanya ndiyo ya mwisho kulalamika.

Sasa sodiamu, ambayo kwako naiogopa zaidi. Mfinyanzi ni vibapa vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kibapa kina chaji hasi, kwa hiyo hushika madini yenye chaji chanya. Kalisi ina mikono miwili: hushika kibapa hiki na kile, vikakaa pamoja kama chengachenga zenye nafasi katikati, na humo ndimo maji na hewa hupita. Sodiamu ina mkono mmoja tu, tena hujivika koti nene la maji. Ikijaa mahali pa kalisi, vibapa husukumana na kuachana, kisha huenda kuziba kila tundu. Ukimwagilia unapata tope linaloteleza, na likikauka vibapa vyote vimelala kifudifudi bila nafasi. Hilo ndilo jiwe lako.

Hapa ndipo mpango wako wa mvua unaponitia hofu. Chumvi nyingi, pamoja na ubaya wake, huvibana vibapa visitawanyike. Shamba lenye chumvi na sodiamu kwa pamoja huweza kuonekana bado linapenya maji kidogo kwa sababu hiyo. Ukilimwagia maji safi ya mvua kwa wingi, unaiondoa chumvi iliyokuwa ikivibana na kuiacha sodiamu ikitawala. Siku hiyohiyo udongo unajifunga. Wakulima wengi hunieleza kwamba shamba liliharibika kabisa "baada ya mvua nzuri", nao hudhani mvua ilileta kitu. Mvua haikuleta kitu, iliondoa. Kwa hiyo kalisi inatangulia na kuosha kunafuata. Utaratibu huu haugeuzwi.

Je, una hakika gani kwamba sodiamu imeshaingia kwenye udongo? Kuna kipimo unachoweza kukifanya leo kwa gilasi mbili. Chukua mabonge makavu ya udongo yenye ukubwa wa punje ya mahindi, kutoka tabaka la sentimita 10 chini, si ule unga mweupe wa juu. Weka gilasi kwenye meza isiyotikiswa, tia maji ya mvua, kisha tumbukiza mabonge matatu taratibu. Usikoroge, hata usiisogeze gilasi. Bonge likibomoka na kuacha kichuguu kidogo huku maji yakibaki maangavu, hiyo ni kawaida, udongo umechoka tu na unahitaji mboji. Lakini ukiona baada ya saa mbili kwamba bonge limezungukwa na wingu la maziwa linalotambaa kwenye sakafu ya gilasi, na kesho yake maji yote bado ni meupe, basi vibapa vinaachana. Gilasi ya pili ifanye vivyo hivyo, ila kwanza yeyusha humo kijiko cha jasi iliyosagwa, yaani jipsamu, madini yenye kalisi. Wingu likikosa kutokea kwenye gilasi ya jasi, umeona kwa macho yako tiba ikifanya kazi, na umeiona kabla ya kutumia hata gunia moja.

Gilasi inakuambia ndiyo au hapana. Kiasi gani, hiyo ni kazi ya maabara. Omba wakupimie EC ya udongo, pH, uwezo wa udongo kushika madini, na asilimia ya sodiamu katika uwezo huo. Chukua sampuli katika vina vitatu, sentimita 0 hadi 20, 20 hadi 40, na 40 hadi 60, ukichanganya sehemu kumi au zaidi za shamba kwa kila kina. Sehemu iliyokufa kabisa na sehemu inayojikongoja uzifungashe mbali mbali. Kwenye karatasi ya majibu utakuta mipaka ambayo maabara ya serikali ya Marekani iliyoko Riverside, California, iliiweka mwaka 1954, na bado inatumika: EC ikizidi 4 udongo unaitwa wa chumvi, na sodiamu ikizidi asilimia 15 unaitwa wa magadi. Usiichukulie 15 kama ukuta. Australia, ambako udongo wa namna hii umeenea sana, wao huanza kuhesabu kuanzia asilimia 6, na kwa udongo wa mfinyanzi unaomwagiliwa mimi nakubaliana nao. Ukipata 10, tayari una kazi.

Twende kwenye maji yako. EC ya 1.6 ni sawa na gramu moja hivi ya chumvi kwa kila lita. Inaonekana ndogo, na ukionja huenda usiisikie vizuri. Lakini msimu mmoja wa mboga ukitumia maji ya kina cha milimita 500, ekari yako inapokea takriban mita za ujazo 2,000, na ndani yake tani mbili za chumvi. Mmea hunywa maji na kuiacha karibu chumvi yote. Jua nalo huchukua maji na kuacha chumvi. Kwa misimu minne hizo ni kama tani nane, na kama hakuna kilichoshuka chini, zote ziko hapo unapokanyaga. Kwa mizani ya umwagiliaji, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana kikwazo, kati ya 0.7 na 3 yanatumika kwa uangalifu, na zaidi ya 3 ni hatari kwa mazao mengi. Kwa hiyo maji yako yanafaa, ila hayasamehe uzembe.

Shida yake kubwa imejificha kwenye uwiano. Ukigawanya sodiamu yako, 11, kwa kipeuo cha pili cha nusu ya jumla ya kalisi na magneziamu, unapata 8.3. Kipimo hicho huandikwa SAR. Kwa EC ya 1.6, uwiano huo uko kwenye eneo la tahadhari. Kinachouzidisha ni bikaboneti. Umewahi kuona gamba jeupe ndani ya birika la kuchemshia maji? Ni kalisi iliyokutana na bikaboneti ikageuka chokaa. Jambo lilelile hutokea udongo wako unapokauka kati ya mwagilio na mwagilio: kalisi kidogo uliyo nayo inageuka jiwe, haifai tena kwa kazi, na sodiamu inabaki peke yake. Chukua bikaboneti 6.5, toa kalisi na magneziamu, jumla 3.5. Inabaki 3.0. Ikibaki zaidi ya 2.5, maji hayo hayafai kutumika muda mrefu bila kutibiwa. Hapo ndipo miaka yako minne ilipopotelea. Ni kwa sababu hii nasema ukitibu udongo na kuyaacha maji yalivyo, utaurudia ugonjwa uleule baada ya misimu michache.

Sasa ushauri uliopewa. Chokaa ina kalisi, ni kweli, na jirani yako hakukosea kwa nia. Lakini chokaa huyeyuka penye udongo wenye tindikali. Kwenye pH ya zaidi ya 8 hukaa tu kama kokoto, na shamba lako bila shaka limeshatengeneza chokaa yake lenyewe kwa njia niliyoieleza. Samadi ni nzuri, nitairudia, lakini peke yake haiondoi sodiamu, na samadi ya kuku ina chumvi nyingi, ukiijaza sasa hivi unaongeza mzigo. Ama hiyo dawa ya kuyeyusha chumvi, jiulize: chumvi yako haijayeyuka? Imeyeyuka, ndiyo maana inapanda na maji hadi juu ya tuta. Inachokosa ni mahali pa kwenda. Mwombe muuzaji akuonyeshe kwenye kibandiko kuna kalisi kiasi gani kwa lita, kisha linganisha na kilo za jasi unazoweza kupata kwa fedha hiyohiyo. Mara nyingi hesabu hiyo inamaliza mazungumzo. Na kwa kuwa huulizwa sana: kuyaacha maji yatulie, kuyatia shabu, kuyachuja kwa mchanga au kuyachemsha hakuondoi sodiamu. Hutoa takataka, na kuchemsha huondoa kalisi, yaani hukufanyia kinyume.

Kazi ya kwanza kabisa si jasi, ni shimo. Chimba katikati ya eneo bovu, kina cha mita moja na nusu ukiweza, utazame ukuta wake. Unatafuta mambo mawili. Moja, tabaka gumu ambalo jembe la trekta limelikandamiza mwaka baada ya mwaka, kwa kawaida kati ya sentimita 20 na 40. Utaliona kwa mizizi: inashuka wima, inafika hapo, inapinda na kutambaa pembeni kama imegonga sakafu. Hilo linavunjwa, kwa sururu kama shamba ni dogo au kwa jembe la kuchimbua chini, udongo ukiwa mkavu. La pili ni maji ya ardhini. Maji yakijikusanya ndani ya shimo, simama. Yakiwa karibu na uso namna hiyo, hupanda yenyewe kama mafuta kwenye utambi na kuleta chumvi juu kila siku ya jua, na maji yote utakayomwaga kuosha yatakuwa unayaongeza chini ili yapande tena. Shamba la namna hiyo linahitaji mitaro ya kina inayotoa maji nje, na mitaro hiyo huchorwa na mtu aliyekanyaga shamba akapima mteremko. Usitumie senti kwenye jasi kabla ya hapo.

Shimo likiwa kavu, jasi ndiyo dawa yako. Jasi ni kalisi na salfeti, huyeyuka kadiri hata kwenye pH ya juu, na haipandishi pH. Kalisi inaingia, sodiamu inang'oka, inaungana na salfeti, nayo huyeyuka kirahisi na kuondoka na maji. Kiasi kinategemea majibu ya udongo, lakini nikuonyeshe hesabu ili usije ukadanganywa. Tuseme udongo wako una uwezo wa kushika madini wa 20 (meq kwa gramu 100 za udongo), sodiamu ni asilimia 20, na unataka ishuke hadi 8. Unang'oa asilimia 12 ya 20, yaani 2.4. Kila moja katika hizo, kwa kina cha sentimita 30, inahitaji takriban tani 3.4 za jasi safi kwa hekta. Unapata tani 8 kwa hekta, au zaidi kidogo ya 3 kwa ekari, na ukiongeza robo kwa ajili ya uchafu na upotevu, 4 kwa ekari. Ukitibu sentimita 15 za juu tu kwa kuanzia, nusu yake.

Usiimwage yote kwa pamoja. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 2.5 hivi za jasi, kwa hiyo tani moja kwenye ekari inahitaji milimita 100 za maji ili iyeyuke yote. Tani nne ukizimwaga siku moja, sehemu kubwa italala ikikungoja. Gawa mara mbili au tatu. Nunua iliyosagwa laini, tandaza sawasawa, changanya na udongo wa juu sentimita 10 hadi 15, kisha mwagilia. Na hapa usishangae: kwa kuanzia, maji ya kisima chako yanafaa kuliko ya mvua, kwa sababu chumvi iliyomo inavibana vibapa wakati kalisi inajipenyeza. Maji yakianza kupenya vizuri, ndipo mvua inakuwa rafiki yako. Maji ya kina cha sentimita 30 yaliyopita kweli ndani ya sentimita 30 za udongo hushusha karibu asilimia 80 ya chumvi iliyomo. Neno zito hapo ni "yaliyopita". Yaliyotuama juu na kukaushwa na jua hayahesabiki. Mwaga kiasi, acha yanywe, rudia.

Kuna njia nyingine badala ya jasi. Salfa ya unga huliwa na vijidudu vya udongo ikawa tindikali, tindikali ikayeyusha ile chokaa iliyolala humo na kuachia kalisi. Tani moja ya salfa safi inafanya kazi ya tani zaidi ya tano za jasi, hivyo usafirishaji ni nafuu. Lakini inataka joto, unyevu na miezi kadhaa, na kama udongo hauna chokaa, haikusaidii. Kipimo cha chokaa ni rahisi: dondosha siki kali juu ya udongo, ukisikia ukichemka, ipo.

Samadi iliyooza vizuri ya ng'ombe au mbuzi, au mboji, iingie pamoja na jasi. Kazi yake ni kuwalisha vijidudu wanaogandisha chengachenga mpya na kufungua njia za maji. Jasi hutenganisha sodiamu na mfinyanzi, lakini nyumba mpya hujengwa na viumbe hai. Nyasi zenye mizizi mirefu kwa msimu mmoja hufanya kazi hiyo kuliko jembe lolote. Na matandazo, ndugu yangu, usiyadharau. Kila tone lisilopaa na jua ni chumvi ambayo haikupanda juu.

Kuhusu maji yenyewe, ukiweza kuvuna mvua kwenye bwawa au tangi, hiyo ndiyo tiba safi kuliko zote. Ukichanganya nusu kwa nusu, EC yako inashuka hadi 0.8 na bikaboneti iliyobaki inashuka kutoka 3.0 hadi 1.5. Uwiano wa sodiamu haushuki kwa nusu, watu hukosea hapo, unashuka hadi karibu 5.9, ambao bado si mbaya. Bila mvua, unaweza kuyatia maji jasi: gramu 260 hivi za jasi safi kwa kila lita 1,000 huongeza kalisi kwa 3 meq/L, na hapo ile bikaboneti ya ziada inafutika. Kwa mifereji ni sawa. Kwa umwagiliaji wa matone sipendekezi, kwa sababu kalisi na bikaboneti zitakutana ndani ya vitundu na kuviziba. Kwenye matone weka jasi chini, chini ya kila tundu. Mashine za kuchuja chumvi kwa shinikizo hufanya kazi kweli, ila hula umeme mwingi na hukuachia maji machafu yenye chumvi maradufu. Kabla ya kununua, niambie utayamwaga wapi.

Ukimwagilia, zidisha kidogo kwa makusudi, ili maji ya ziada yasukume chumvi chini ya mizizi. Kwa maji yako, nyanya inahitaji ziada ya asilimia 15 hivi, pilipili hoho 27. Maharage yanataka karibu nusu ya maji yote yapite chini. Hiyo si kilimo tena, kwa hiyo maharage yaache mpaka upate mvua ya kuchanganya. Na uache tabia ya kumwagilia kidogo kidogo kila siku ili "kupoza". Maji hayo yanalowesha sentimita tano, yanapaa, na kuacha chumvi palepale penye shingo ya mmea.

Kwenye matuta, chumvi husafiri na maji hadi kileleni. Usipande kileleni, panda begani, karibu na maji. Kwenye matone, hukusanyika kwenye ukingo wa duara lililolowa. Chuchumaa utazame, utaona pete nyeupe imelizunguka shina kama imechorwa. Pete hiyo haina shida mpaka yanyeshe manyunyu. Nimewahi kuitwa asubuhi kwenye shamba la hoho lililonyauka lote baada ya mvua ndogo ya usiku, mwenyewe akidhani ni ugonjwa. Manyunyu yalikuwa yameisukuma ile pete irudi kwenye mizizi. Tangu siku hiyo huwaambia wote: mvua ndogo ikianza, fungua matone yako, yaendelee mpaka mvua iwe kubwa. Inaonekana kama kupoteza maji. Fanya hivyo.

Yapo mambo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kipimo chako hakina kloridi wala boroni. Kingo za majani zinazoungua zinaweza kutokana na mojawapo, na boroni ikizidi miligramu 0.7 kwa lita, mazao yasiyoivumilia huanza kuumia hata kama EC ni nzuri. Omba vipimwe. Kama unafikiria kutibu maji kwa tindikali ya salfa, usijaribu peke yako. Inaunguza ngozi na macho kwa sekunde, na siku zote tindikali ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Mtafute fundi anayeifanya kazi hiyo kila siku. EC ya kisima ikipanda msimu hadi msimu, mwite mtaalamu wa maji ya ardhini aangalie, hasa kama bahari iko karibu, kwa sababu huenda unavuta maji ya bahari na kila saa ya pampu inaharibu zaidi.

Na jambo moja ambalo hukuuliza. Maji yenye sodiamu na bikaboneti nyingi na kalisi kidogo, kama haya, mara nyingi huwa na floraidi. Kama familia inakunywa kisima hiki, na hasa kama kuna watoto ambao meno yao bado yanaota, peleka sampuli ipimwe. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Hili lifanye kabla ya yote niliyoyaandika hapo juu.

Litapona? Shimo likiwa kavu, nategemea uone maji yanapenya vizuri ndani ya msimu wa kwanza, na nyanya nzuri msimu wa pili au wa tatu. Shimo likiwa na maji na mitaro haiwezekani, nitakuambia ukweli: usipigane na mboga hapo, panda malisho yanayovumilia chumvi au shayiri, na nguvu zako zielekeze kwingine.

Usianze na ekari. Pima eneo la mita 10 kwa 10 katikati ya pabovu. Chukua kopo lisilo na kitako, lididimize sentimita tano, tia maji ya kina cha sentimita 10, uandike yamechukua muda gani kuisha. Tandaza kilo 100 za jasi kwa mara mbili kama nilivyoeleza, pamoja na mboji na maji. Baada ya wiki nane, didimiza kopo palepale uhesabu tena. Ukipata vipimo hivyo viwili vya muda, na majibu ya udongo kwa vina vitatu, niandikie. Hapo tutapanga ekari nzima.